Vigae Vyeupe vya Memsahibu

Jumatatu, 10 Machi 1958
Bahati imenishukia! Memsahibu amechoka na bafu jeupe, sasa anataka la kijani. Vigae vya zamani vimebanduliwa ukutani na kutupwa nyuma ya jiko ninalompikia. Nimeomba, nimepewa. Jumamosi Mzee Kiprugut, babake Chepkemei, anakuja kuona nyumba nitakayomweka binti yake. Akiridhika, tutazungumza ng'ombe. Asiporidhika, yuko Kimutai wa kiwanda cha mbao hapa Elburgon, naye ana sakafu ya mbao. Mbao! Ngoja Mzee aone yangu.

Jumatano, 12 Machi
Kimutai alipita akichungulia. Akasema vigae laini hivi ni vya ukuta wa bafu na jiko. Sakafu hutaka vile vyekundu, vinene, visivyong'aa, kama vya veranda ya Bwana. Wivu mtupu. Nilimshukuru kwa adabu, nikafunga mlango.

Vimekaa vizuri juu ya udongo na mavi ya ng'ombe. Viwili vinacheza kidogo. Nimeviwekea kigoda.

Ijumaa, 14 Machi
Vinang'aa, lakini havijafika ninapotaka. Miaka yote nimesugua sakafu ya Memsahibu kwa nta nyekundu mpaka ajione uso. Sasa ni zamu ya nyumba yangu. Nimepaka nta, nikasugua, nikaongeza. Kuku aliingia mbio, akatokea mlango wa nyuma bila kupenda.

Jumamosi, 15 Machi
Aibu! Mzee Kiprugut, mzee wa kanisa, alivua kofia, akaibariki nyumba, akapiga hatua moja. Alisafiri ameketi mpaka chini ya meza. Nilikimbia kumwinua, nikamfuata huko huko.

Kisha akaniuliza taratibu, "Kijana, binti yangu atakuwa anatembea wapi?"

Alitoka akishikilia ukuta. Nimelia, sifichi.

Jumapili, 16 Machi
Chepkemei aliningoja baada ya ibada. Amemsihi babake, naye atarudi Jumanne, mara moja tu, pamoja na mamake. Lakini nibandue kila kigae sakafuni, nisiribe udongo kama watu wengine. Nimeapa mbele yake. Nampenda sana msichana huyu.

Jumanne, 18 Machi
Sakafu ni udongo mtupu, safi kabisa. Nimetimiza neno langu. Ila Chepkemei hakutaja ngazi za mlangoni. Nimevipanga vigae vyote hapo, na nta juu yake. Mvua imeanza kunyesha. Vizuri, itaviosha kabla wageni hawajafika.