Tasnifu Kwenye Friza

Jumatatu, 4 Machi
Nimejiunga na chama cha wakutubi wa vyuo. Si kwa mapenzi! Miaka yote nimekiita chama cha chai na soga. Lakini Naibu Mkutubi Mkuu wetu anastaafu, na Mkutubi Mkuu ametamka kikaoni kwamba nafasi atampa mtu anayeshiriki mambo ya taaluma. Akamwangalia Miwani.

Miwani ni mwenzangu wa kitengo cha uorodheshaji. Mwanamke mpole, hana makuu, hakosi mkutano wa chama hata mmoja. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilipomwambia najiunga alifurahi kwelikweli, akaniingiza mwenyewe kwenye kundi la simu la chama. Maskini, kamkaribisha chui zizini.

Mke wangu kauliza kama chama kina masharti ya kupokea watu. Nikamwambia hakuna, yeyote yule. Akasema ndivyo alivyodhani.

Jumatano, 6 Machi
Mkakati wa pili. Naibu huwa na ofisi. Basi nianze na ofisi, cheo kitafuata. Mimi ndiye mtunza tasnifu za wanafunzi wetu wa uzamili na uzamivu. Nakala mojamoja, za zamani hazimo kwenye kompyuta kabisa. Zilikuwa zimekaa chumba kizuri chenye dirisha. Karatasi zina haja gani na dirisha? Nimezihamishia ghala la chini. Mimi nimehamia dirishani.

Miwani aliniuliza taratibu kama nimeyaona mabomba yanayopita juu ya rafu kule chini. Nikamjibu hakuna jengo lisilo na mabomba. Wivu huo!

Jioni, kwenye kundi, mkutubi wa chuo kingine kaomba msaada: ana mwanafunzi asiyeona, na makala anayoitaka ni ya zamani, chapa imefifia. Kabla sijatunga jibu la kujionyesha, wenzake walishamiminika. Mmoja kajitolea kumsomea yote na kumrekodia. Bure! Na bosi wake hayumo kwenye kundi. Sasa anamfanyia nani?

Ijumaa, 8 Machi
Bomba limepasuka.

Rafu za chini zote chepechepe. Sikumwambia mtu. Nikabeba tasnifu moja hadi nyumbani, nikachukua pasi ya mke wangu. Ukurasa wa kwanza ulikauka vizuri. Wa pili ukagandana na wa tatu. Uliofuata ukaungua. Hapo ndipo nikasoma jalada: utafiti wa lugha ya watu wa milimani. Mwandishi ni marehemu. Wazee aliowahoji nao ni marehemu. Ile lugha yenyewe imebaki humo, chini ya pasi yangu.

Nikachukua simu. Nikaandika kwenye kundi kwamba nina rafiki, yuko mbali sana, tasnifu zake zimelowa. Simu ikaita papo hapo. Ni Bibi Mhifadhi, mstaafu wa chama, mwanamke aliyemaliza ujana wake akitibu vitabu vya watu.

“Mwambie rafiki yako azime pasi,” akasema.

Sikuwa nimetaja pasi.

Akaniambia karatasi iliyolowa ikigandishwa haishikwi na ukungu. Zitafutiwe friza mara moja. Kisha akataka anwani ya huyo rafiki. Nikatoa ya maktaba yetu. Ningefanyaje?

Jumamosi, 9 Machi
Wamekuja! Mkutubi wa chuo cha ufundi kaleta feni. Wa chuo cha uuguzi kaleta kreti. Miwani alikuwa amevaa viatu vya mpira, keshapiga goti majini. Bibi Mhifadhi alikaa kitini mlangoni akipokea kila tasnifu kama daktari wa zamu: zilizolowa mno zifungwe karatasi ya nta ziende friza ya kantini, zenye unyevunyevu zisimamishwe mbele ya feni, zimejitanua kama kuku walionyeshewa. Mpishi wa kantini alinung'unika, halafu akahamisha nyama yake mwenyewe.

Nilikuwa nimeandaa uongo wa aina tatu kuhusu nani aliyeziweka chini. Wote umebaki bila kazi. Hakuna aliyeuliza, hata nilipoirudisha ile niliyoiunguza. Waliuliza tu ni rafu ipi inayofuata.

Alasiri akaja binti wa yule mwandishi marehemu. Miwani ndiye aliyemwita. Akamwonyesha ukurasa ulioungua, akamwambia kurasa nyingine zote zitasomeka. Binti akaikumbatia kreti, akasema, “Baba alihangaika na hii mpaka mwisho.” Nikatoka nje. Vumbi liliniingia machoni. Vumbi, kwenye jengo lililojaa maji.

Jumanne, 12 Machi
Miwani ndiye Naibu mpya. Niseme kweli, anastahili. Amekwisha kupanga na vyuo viwili vya chamani watuazime mashine za kuskani, tasnifu zote ziingie kwenye kompyuta. Mimi nilitegemea kufukuzwa. Kumbe yeye kaniombea nibaki, tena nisimamie kazi hiyo. Nimekosa hata la kumchukia.

Alhamisi, 14 Machi
Heshima kubwa! Chama kimenialika kuzungumza kwenye mkutano mkuu, niwaeleze wenzangu nilichojifunza. Mada nimeipa jina: “Nilivyookoa Tasnifu.” Bibi Mhifadhi kanishauri nieleze kwa vitendo, watu hukumbuka zaidi wakiona kwa macho. Shauri zuri mno. Kwa hiyo nahitaji kitabu kilicholowa, kinene, kinachoonekana hadi viti vya nyuma. Nimepitia rafu zote. Kinachofaa ni kimoja tu: tasnifu ya Mkutubi Mkuu mwenyewe, nakala yake pekee.

Ndoo nimeshaijaza.