Mteja wa Mafurushi

Jumatatu, tarehe 4
Nimefungua rasmi! Dobi wa kisasa, nusu bei. Mtaji: cherehani ya mke wangu, nimeiweka rehani kwa mwenye duka la sabuni. Mke kaninunia. Nimemwapia itarudi kabla ya mwisho wa mwezi. Ng'ambo ya barabara yuko Kipara, dobi wa siku zote. Amesoma kibao changu, akapiga miayo. Piga tu, mzee. Utalia.

Jumanne, tarehe 5
Wateja watatu. Mmoja alikuwa anauliza njia. Kisha mama mkwe akapita na furushi lake mbele ya mlango wangu, moja kwa moja mpaka kwa Kipara! Nikampa shikamoo yake. Akaitikia bila kugeuza shingo. Baadaye kamwambia binti yake kwamba kwangu haleti hata tambara la kufutia miguu. Haya.

Alhamisi, tarehe 7
Mungu si Athumani! Mteja mpya, bwana mmoja wa baiskeli, kaleta mafurushi mawili makubwa. Analipa taslimu, habishani. Nilimwuliza kwao wako wangapi, akasema wanaongezeka. Nimefua mpaka vidole vimekunjamana. Kipara kalala kwenye benchi lake, kofia usoni, mabeseni makavu. Nimemwonea huruma. Kidogo.

Ijumaa, tarehe 8
Mafurushi manne! Mke kaja, katazama sabuni, katazama mkaa wa pasi, akasema kila shati ninalofua linakula kuliko linavyoingiza. Nikamweleza kwa upole kwamba hajui biashara: hasara ya shati moja hufidiwa na wingi wa mashati. Hasara ni faida iliyochelewa njiani. Akasema hasara yeye anaiona kila siku, ni ile kona tupu ya chumba. Hilo lilinichoma. Nikaenda kukopa mkaa mwingine.

Jumapili, tarehe 10
Balaa! Nilikuwa napiga pasi gauni la maua ya zambarau, mke akalinyakua. Vifungo vyeusi, kimoja cheupe. Hicho cheupe kakishona yeye mwenyewe. Gauni la mama yake! Alicheka mpaka akakaa juu ya furushi, halafu akaacha kucheka. Nikamtajia aliyelileta, kumbe mke anamjua: yule wa baiskeli ni mpwa wa Kipara. Kipara anapokea nguo kwa bei yake, ananiletea mimi nizifue kwa nusu, tofauti anatia mfukoni, analala. Mke kasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikakagua gauni lote. Sikuona mdudu.

Nilivuka barabara kwenda kumpasha. Hakukana. Alisema tangu aanze kazi hii hajapata kibarua wa bei poa kama mimi, tena mama mkwe kasifu sana jinsi magauni yake yanavyonyooshwa siku hizi. Kasifu! Mama mkwe! Nilirudi kifua mbele. Nimesahau kabisa kugomba.

Jumatano, tarehe 13
Mke ndiye kamaliza mambo. Kamwuzia Kipara pasi zote, mabeseni, mpaka kibao. Cherehani imekombolewa, imerudi kwenye kona yake. Alikuwa anaipangusa huku anaimba, na mimi machozi yakanitoka, sifichi. Kaniapisha nisiiguse tena maishani. Nimeapa.

Alhamisi, tarehe 14
Sijaigusa. Nimeitazama tu. Lakini yule fundi wa karibu na kisima anatoza bei ya kuua mtu kwa kupunguza suruali! Nikamnong'oneza jirani mmoja tu kwamba kwetu ni nusu bei. Habari njema haina miguu lakini inakimbia: mchana huu yule bwana wa baiskeli kashusha mlangoni mafurushi matatu ya suruali. Anasema mjomba wake sasa anapokea na za kushona. Huyo ndiye mteja, hana kinyongo! Mke yuko sokoni. Atafurahi sana akirudi.