Chuo cha Kuzoea Baridi

Mjane alikuwa amelikalia sanduku lake la tatu ili lifunge, na palepale Sukariguru akatambua kwamba mama huyu, bila kujijua, anampa nyumba.

Sukariguru alikuwa fundi wa viyoyozi, tena fundi mzuri, ila kazi ya mikono ilimchosha mapema. Jina alipewa mtaani kwa sababu ya ulimi wake: walisema anaweza kumuuzia samaki mwavuli, na kesho samaki akarudi kuomba mwingine wa mkewe. Wiki hiyo alikuwa ameitwa kufunga kisanduku cheupe ukutani, kinachoongoza vidhibiti joto vya nyumba nzima. Mjane alikuwa anakwenda ng'ambo kwa miezi mitatu, kwa binti yake aliyejifungua, na alitaka akiwa hukohuko aweze kuipoza nyumba au kuipasha moto kwa simu. Kisanduku kilikuwa na kipaza sauti pia. Ukisema kwenye simu, kinasema ukutani.

"Mwanangu wee, haya madude nitayaweza kweli?" mjane aliuliza.

"Mama, usijipe presha. Wewe kalee mjukuu. Nyumba nitaiangalia mimi kwa simu yangu. Joto likizidi napunguza, baridi ikizidi naongeza. Ila niachie na funguo, maana mitambo hii ni kama kichanga, hujui italia saa ngapi."

Mjane akamshukuru, akamwombea dua ndefu, akamwachia funguo. Dua zile zilizunguka sebuleni zikitafuta pa kukaa, zikakosa.

Nje jua lilikuwa linachoma mpaka lami inanata kwenye viatu. Ndani, Sukariguru aliwasha viyoyozi vyote vinne vya sebuleni kwa nyuzi kumi na sita, akajilaza kwenye kochi la mwenyewe. Dakika kumi baadaye alikuwa anatetemeka. Na katika kutetemeka huko likamjia wazo: nusu ya mji inataka kwenda nchi za baridi kutajirika, na hakuna hata mmoja anayejua baridi ni mnyama gani.

Kesho yake bango likaning'inia getini: CHUO CHA KUZOEA BARIDI. Bila cheti, unarudishwa uwanja wa ndege.

Walikuja. Alikuja kinyozi aliyekwisha kuwaaga wateja wake mara tatu. Walikuja mume na mke waliogombania nani atatangulia kusafiri. Alikuja muuza mabati, mtu wa tumbo na pete, aliyemvuta Sukariguru pembeni.

"Profesa, mimi sina muda wa kutetemeka. Nikiongeza kidogo juu ya ada, siwezi kupata daraja la kwanza sasa hivi?"

"Ndugu yangu, unanivunjia heshima ya chuo," alisema Sukariguru, akipokea.

Wa mwisho alikuwa mshonaji, mwanamke mpole aliyekuwa na nafasi ya kazi kwa shangazi yake ughaibuni. Alilipa kwa akiba ya cherehani, noti zimekunjwa kama vitambaa. Ada zote zililipwa taslimu siku ya kwanza, kwa kuwa, alieleza Profesa, baridi haikopeshi. Akazihifadhi ndani ya friza, chini ya barafu.

Masomo yalianza. Kwenye kioo cha kidhibiti joto Sukariguru alibandika karatasi iliyoandikwa CHINI YA SIFURI, na wanafunzi, waliovaa makoti ya kukodi juu ya sweta juu ya fulana, wakaiamini karatasi kuliko ngozi zao. Somo la kwanza lilikuwa kutetemeka kwa adabu.

"Meno yasigongane hovyo!" alifoka. "Kule mtu akisikia meno yako anajua wewe mgeni. Gonga taratibu. Moja, mbili. Moja, mbili. Mke wa huyu bwana, unamzidi kasi mumeo."

"Kila kitu namzidi," alisema mke.

Somo la pili lilikuwa kusalimiana bila kutoa mikono mfukoni. Kinyozi alipasua koti. Wakati wote huo Profesa aliongoza hali ya hewa kwa simu yake, akiifungua mbele ya macho ya watu bila wasiwasi, na neno la siri lilikuwa moja mpaka sita, kwa mpangilio, kwa sababu wajanja nao huwa wavivu.

Siku ya mtihani, saa nne asubuhi, walijipanga sebuleni. Mshonaji aliomba ruhusa kwenda msalani.

"Sasa," alisema Sukariguru, "tunashuka kwenye baridi ya dhoruba."

Akabonyeza. Viyoyozi vikaguna, kisha vikaanza kupuliza hewa ya moto. Akabonyeza tena. Moto ukaongezeka. Kinyozi alianza kutoa jasho kwenye nyusi.

"Profesa," alisema muuza mabati, akijipepea kwa cheti chake, "hii dhoruba mbona inachoma?"

"Ndiyo baridi yenyewe! Ikizidi sana inaunguza. Hujawahi kushika barafu? Msivue makoti! Atakayevua amefeli!"

Hakuna aliyetaka kufeli. Walisimama wanaiva. Mume alikaa sakafuni, mkewe akamwambia ndivyo alivyojua, hata ng'ambo atamwaibisha hivihivi.

Ndipo kisanduku ukutani kikakohoa. Kikohozi kifupi, cha mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kumshika mtu uongo.

"Mwanangu wee," kikasema. "Kumbe siku hizi nyumbani kwangu kuna chuo."

Rangi ilimtoka Sukariguru, isijulikane imeelekea wapi. "Mapumziko!" alipiga kelele. "Wote uani! Upepo wa bure!" Wanafunzi wakatoka mbio, makoti yanapigana mlangoni. Akabaki yeye na ukuta.

"Mama, shikamoo mama. Za safari? Mjukuu hajambo?"

"Mjukuu hajambo. Wewe ndiye una jambo."

"Mama, mitambo ikikaa bure inaoza. Nilikuwa naichangamsha tu."

"Na watu wanne waliosimama sebuleni, nao wanachangamsha? Nimesikia yote, mpaka la kugonga meno. Namba ya polisi iko mkono huu wa pili. Au nibonyeze?"

Sukariguru alipiga magoti mbele ya kisanduku alichokifunga kwa mikono yake mwenyewe. "Mama yangu, usibonyeze! Nina mama mzazi, ana presha!"

"Ada za watu ziko wapi?"

"Kwenye friza, mama. Chini ya barafu."

"Ziache hukohuko. Weka funguo juu ya friza. Toka kwa mlango wa nyuma, usigeuke. Na koti liache."

"Hata hili nililovaa?"

"Hilo hasa."

Alitoka na fulana, akaruka ukuta mfupi wa jirani, akapotelea kwenye jua.

Mlango wa msalani ukafunguliwa, akatoka mshonaji, simu mkononi. Mapazia ya sebule ile alikuwa ameyashona yeye, mwaka uliopita, na alikaa na mjane siku nne nzima akipima, akikosolewa na kukoholewa. Aliyatambua tangu somo la kwanza, akajua nyumba ni ya nani. Namba za siri alizisoma kwenye simu ya Profesa, na kule msalani akazitumia kukiongoza kisanduku kwa simu yake mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa kukohoa na kuiga sauti ya mjane tu.

Alifungua friza, akaenda uani, akamrudishia kila mmoja ada yake, noti zinadondosha maji. Muuza mabati alidai na ile nyongeza ya daraja la kwanza.

"Nyongeza ipi?" aliuliza mshonaji kwa upole. "Hebu itaje kwa sauti, wenzio wasikie ilikuwa ya nini."

Muuza mabati akatazama pete zake, akasema labda amekosea hesabu. Nyongeza ile ilimtosha mshonaji kununua koti la kweli. Akaosha vikombe, akaiacha nyumba katika nyuzi ishirini na nne, akafunga, na funguo akazitunza. Mjane angeelezwa akirudi. Habari kama ile haipigiwi simu kwenye nyumba yenye mzazi na kichanga.

Sukariguru alijificha kwa binamu yake wiki nzima. Kila gari lililopita lilikuwa la polisi mpaka lilipopita. Siku ya nane moyo wake ukalainika. Mama yule angeweza kumfunga, na hakumfunga! Akaona si uungwana kukaa kimya. Akampigia simu ng'ambo.

"Mama, nimepiga kukushukuru," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani machozi yake yalikuwa ya kweli. "Umenisitiri. Kile chuo, zile ada kwenye friza, lile kochi lako nililokuwa nalala na viatu, yote umenisamehe bila kuniitia polisi. Wewe ni mama wa pekee."

Upande wa pili mtoto alilia kidogo, akanyamazishwa. Kisha akasikia kiti kikivutwa, na sauti ya mjane, taratibu sana, ikimwambia binti yake alete kalamu na karatasi.

"Haya, mwanangu wee," akasema. "Nimeshakaa. Hebu anza tena, toka mwanzo. Chuo gani?"