Fundi wa Kiyoyozi cha Benzi

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mdomo akawa mfanyabiashara, Mshamu alikuwa Kibiti, amekaa juu ya pikipiki yake, anatafuta mtu wa kumliza. Hakungoja sana. Mbele ya duka la vitenge ilisimama Benzi nyeusi ya zamani, vioo vyote juu, jua la mchana likiichoma. Ndani, mwanamume mnene wa kanzu alikuwa anachuruzika jasho.

Mshamu akaelewa papo hapo: kiyoyozi kimekufa, na bwana huyu hataki watu wajue. Akamshukuru Mola kwa moyo safi, akaenda kugonga kioo.

"Asalaam aleikum, bosi. Mimi fundi Mshamu. Viyoyozi vya magari ya zamani ndiyo kazi yangu."

"Waaleikum salaam. Naitwa Mtoro," alijibu yule bwana, akijipepea. "Hiki utakiweza?"

Mshamu akafungua boneti, akapapasa bomba moja, akalinusa, akasikitika kama daktari. "Kompresa nzima. Gesi ndiyo imekimbia. Ya gari hizi ipo Mtwara tu, kwa jamaa yangu wa bandarini. Lakini sharti gari lenyewe lifike."

"Basi lichukue."

Mshamu alikuwa amejiandaa kubembeleza mpaka alasiri.

"Ila sikujui, mdogo wangu," Mtoro akaongeza. "Niachie pikipiki yako mpaka urudi."

Pikipiki ile ndiyo kitu pekee ambacho Mshamu alipata kukinunua kwa haki, na aliipenda kama mke. Akaitazama. Akaitazama Benzi. Akatoa ufunguo.

Aliondoka akiimba. Hadi anapita Ikwiriri, moyoni alishaiuza Benzi mara mbili na kuoa. Ndundu akakuta foleni ndefu ya pantoni ya kuvukia mto, akashuka kununua muwa. Pantoni ilipofika ikitokea ng'ambo, akashuka mama mmoja mrefu aliyejitanda khanga, nyuma yake kaka zake wawili, wapakiaji wa magogo. Akaiendea Benzi, akapiga kofi boneti.

"Gari langu linafanya nini hapa?"

Mshamu akameza muwa na makapi yake. "La bosi Mtoro hili, mama."

"Bosi? Mtoro ni fundi niliyempa anitengenezee kiyoyozi, mwezi wa tatu huu ananizungusha! Mimi Mwanajuma ndiye mwenye gari. Wewe nani?"

Wale kaka wakasogea. Watu wa foleni nao wakasogea. Mshamu akaona kwamba mwizi wa gari, mahali pale, asingeiona magharibi.

"Mimi... fundi mwenzake. Kaniachia nimalizie."

"Huyo Mtoro mwenye kanzu?" akadakia dereva wa lori lililokuwa linaingia foleni. "Nimepishana naye Bungu, anakwenda Dar na pikipiki. Anacheka peke yake!"

Mshamu akashika kifua. Alikwishawaliza wengi, lakini hakuwahi kujua kwamba inauma hivi.

"Mwache aende," Mwanajuma akasema, akitandika mkeka kivulini. "Maadamu fundi yupo. Kesho nampeleka mwanangu Hajira kwa mumewe, na nataka aende kwa baridi. Hutoki hapa mpaka kipulize."

Kaka mkubwa akaleta sanduku la vifaa, akalifungua miguuni pake. "Unataka spana ipi, fundi?"

Mshamu akainamia ule msitu wa mabomba, asijue lipi la maji, lipi la mafuta.

"Zote," akasema.