Pilipili Kwenye Soksi

Leo nimeaibika, tena mbele ya watu wa kazini.

Mnajua nafanya kazi kwenye kituo cha wazee hapa Plymouth, Amerika. Supavaiza wetu, Diane, anatafuta mtu wa kusimamia shifti ya asubuhi, na wiki jana alinidokezea kwamba jina langu limetajwa. Halafu akatualika watu watano wa shifti yake tukatembee naye Jumamosi msituni kule Champlin, kando ya mto. Masaa mawili kwenye theluji, eti kwa raha. Nani angethubutu kukataa?

Shida yangu ni miguu. Msimu uliopita vidole vilivimba na kuwasha mpaka nikawa nakwenda kazini na viatu vya marehemu mjomba. (Saizi kumi na mbili. Wazee walidhani ni mwanamume anaingia.) Kwa hiyo jana nikamlilia jirani yangu Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu ambaye ameishi na baridi hii miaka mingi.

"Weka pilipili ya unga mu chaussettes, ma chérie," akaniambia. "Kidogo tu, kati ya soksi mbili. Miguu haitasikia baridi."

Asubuhi nikaangalia hali ya hewa kwenye simu. Kidogo nikaona haitoshi. Nikatia kijiko kizima kila mguu. Na hiyo habari ya kati ya soksi mbili nikaona ni kupoteza pilipili, nikamwaga ndani kabisa, kwenye ngozi. (Mimi ni msaidizi wa wauguzi. Nina cheti.)

Nusu saa ya kwanza nilikuwa malkia. Wenzangu wanapigapiga miguu chini, mimi natabasamu.

"Wambui, uko sawa?" Diane akaniuliza.

"Sawa kabisa," nikasema, nikampita.

Kisha jasho likaanza. Moto ukaingia kwenye kidole kidogo cha kulia, ukahamia kwa jirani yake, ukaenea wayo mzima. Hapo woga ukanishika, na si woga wa pilipili. Kwenye mafunzo tuliambiwa mtu anayeganda miguu anaweza kuhisi kama anaungua. Sasa huu ni moto gani? Nikajaribu kukunja vidole, sikujua kama vimekunjika. Nikaanza kupanga jinsi nitakavyomwambia mama kwa simu kwamba vidole vyangu vimebaki Amerika.

Nikaongeza mwendo ili damu itembee. Jasho likazidi, moto ukazidi. Nikawa narukaruka kama kuku aliyetua juu ya bati lililochomwa na jua.

"Diane," nikasema, machozi yananitoka, "miguu yangu inaungua. Na sina uhakika kama vidole bado vipo."

Alibadilika uso. Hapo ndipo ningesema neno moja tu, na mambo yangeisha. Sikusema. Nani atampa shifti mtu aliyejitia viungo kama mshikaki?

Diane aliwahi kuwa muuguzi wa dharura. Alinikalisha kwenye gogo, akanivua mabuti na soksi. Unga ulikuwa umelowa, umekuwa rojo jekundu.

"Damu," mmoja wetu akanong'ona.

Diane hakusita. Akafungua koti, akapandisha sweta, akaibandika miguu yangu kwenye tumbo lake, ngozi kwa ngozi, kisha akatufunika na koti. Nyayo zangu mbili juu ya tumbo tupu la bosi wangu. Akaniambia nipumue polepole. Mimi pumzi zilikuwa zimekatika zenyewe.

Nikawa naomba Mungu kimoyomoyo kwamba pilipili iwe ile ya bei nafuu isiyowasha.

"Ajabu," Diane akasema baada ya muda. "Imepata joto haraka sana."

Nikatazama miti.

"Wambui." Sauti ilikuwa imebadilika. "Miguuni una nini?"

"Pilipili."

"Nini?"

"Ya unga. Ya kupikia."

Hakupiga kelele. Alinishusha miguu taratibu, akalala kifudifudi kwenye theluji, sweta likiwa juu. Mzee mmoja akapita na mbwa wake, akauliza kama tunahitaji ambulensi.

"Hapana, asante," Diane akajibu, uso ukiwa kwenye theluji. "Tuko vizuri."

Mbwa akanusa mguu wangu, akapiga chafya mara tatu.

Mwenzangu mmoja alinipa soksi zake za akiba. Diane akanibeba kwenye gari lake, akasimama duka la kwanza, akanunua galoni ya maziwa ya kuzima moto wa pilipili. Tukakaa humo garini, yeye anajipaka tumboni, mimi miguuni.

Mwishowe akasema, "Pilipili si neno. Uliniona nikikutibu, ukanyamaza. Ingekuwa ni mgonjwa wetu je?"

Nikamwomba msamaha, na nilimaanisha. Akaniambia tutaongea Jumatatu, saa tatu, ofisini. Kisha akageukia dirisha, mabega yakaanza kumtikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka. (Sikuuliza. Leo nilikuwa nimeshamchokoza vya kutosha.)

Kwa hiyo nawasihi, msicheke kwanza. Ngojeni Jumatatu saa nne, nijue mnamcheka msimamizi wa shifti au mtu anayetafuta kazi.