Mpangaji wa Miaka Laki Moja

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Idara ya Mabaki ya Nyuklia.

YAH: KUKATALIWA KWA CHUMBA CHANGU MBELE ZA WATU

Mheshimiwa,

Pole na kazi ya kutunza kitu ambacho kila mtu anakikimbia. Mimi ni mzima, mke wangu ni mzima, na wapangaji wangu ni wazima isipokuwa fundi cherehani, ambaye jino linamsumbua, na hilo silihesabu kuwa kosa la idara yako. Nakuandikia kwa adabu zote, ingawa kalamu hii ni ya pili. Ya kwanza niliivunja kwenye neno "Mheshimiwa" kwa hasira.

Nijitambulishe kidogo, maana lalamiko la mtu mdogo hufungiwa maandazi. Mimi ni fundi rangi mstaafu, mwenye nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana, ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya nguo. Shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji. Lakini dunia nimeiona. Nimepaka rangi meli, benki, hospitali na, shika kiti chako vizuri, uzio wa kituo cha umeme wa nyuklia huko ng'ambo! Upande wa nje. Rangi ya kijani, na niliirudia mara tatu. Wenzangu walipoona ile minara minene inatoa moshi mweupe walitaka kukimbia na ngazi zao. Nikawaambia, tulieni nyie washamba, ule ni mvuke tu, kama wa birika. Nilikuwa nabahatisha, lakini ikaja kuwa kweli, na tangu siku hiyo najihesabu kuwa mwenzenu.

Sasa kisa. Idara yako iliitisha mkutano katika ukumbi wa shule ya mtaa wetu ili kutueleza habari za kinu cha umeme wa nyuklia kinachotaka kujengwa. Akaja mhandisi, dada mwenye miwani na uvumilivu mwingi. Alieleza vizuri, simdhulumu. Alisema urani hufinyangwa kuwa vidonge vidogo kama ncha ya kidole, vidonge vikapangwa ndani ya fito ndefu, na kwamba chembe ndogo iitwayo nyutroni ikigonga kiini cha urani, kiini hupasuka, kikatoa joto, kikatoa na nyutroni nyingine mbili tatu ambazo nazo huenda kugonga viini vya jirani. Watu wakakodoa macho kama wanasomewa hukumu.

Ikabidi nisimame niwasaidie. Nikawaambia: jamani, huu ni umbea wa nyumba ya kupanga! Neno moja linaingia chumba cha kwanza, mume na mke wanapasuka, kila mmoja anatoka na lake kwenda chumba cha pili na cha tatu, na kabla chai haijachemka ua mzima unawaka. Na zile fito nyingine za kuzuia, zinazoshushwa katikati ili kunyonya nyutroni? Huyo ni mke wangu anapotoka na kiti chake, akakaa katikati ya ua, akasema, "Hilo likomee hapa." Akikaa, moto unashuka. Akiinuka kwenda sokoni, unapanda. Basi joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mapanga ya mtambo, mtambo unazungusha jenereta, na wewe unapiga pasi shati lako. Kwisha habari. Ukumbi ulipiga makofi. Mhandisi naye alipiga, nilimwona kwa macho yangu.

Ndipo mtu mmoja akauliza, na hivyo vidonge vikishatumika vinakwenda wapi? Mhandisi akasema hutolewa vikiwa bado vya moto, hutiwa kwenye bwawa la maji miaka kadhaa vipoe, kisha huwekwa ndani ya makasha ya chuma na zege, na kwamba vitahitaji kutengwa na watu kwa miaka laki moja na ushee. Akasema kwa unyenyekevu kabisa kwamba kazi ngumu ni kupata mahali pa kudumu ambapo wenyeji wamekubali.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Dada yangu, hapo umefika. Nina chumba."

Mheshimiwa, walicheka! Watoto waliolala migongoni waliamka. Jirani yangu mwenye duka, ambaye tunamwita Kipaza kwa sababu hajawahi kunong'ona tangu azaliwe, akapayuka, "Mzee, kwako hata panya wamehama!" Na mhandisi, badala ya kuomba ufunguo, akaniambia, "Baba, asante kwa moyo wako. Tutaliangalia."

Mimi ni mwenye nyumba, Mheshimiwa. "Tutaliangalia" ndilo neno ninalowaambia wapangaji kuhusu paa.

Kabla ya malalamiko yenyewe, ni haki ujue kwa nini nina haraka. Mke wangu ana mdogo wake wa kiume, shemeji yangu, mpiga tarumbeta. Ni kijana mzuri, mcheshi, ana salamu ndefu. Lakini analipiga lile tarumbeta asubuhi kulisalimia, mchana kulikumbusha na jioni kuliaga. Amefukuzwa nyumba tatu, na mwenye nyumba wa tatu alikuwa hasikii vizuri. Sasa mke wangu ametamka: chumba cha mwisho kikiwa bado kitupu mwezi ukiisha, mdogo wake anaingia. Kumkatalia mke wangu siwezi, nimeshakueleza nafasi yake katika kinu. Ila chumba kikiwa na mpangaji wa serikali, tena mpangaji ambaye ukimsogelea mionzi inakumaliza, hata yeye atakubali kwamba huyo hafukuziki. Uzee wangu wa amani unaning'inia kwenye kalamu yako. Malalamiko ni haya:

1. Ombi langu halikuandikwa. Karani wenu aliandika kila kitu, hata swali la Kipaza kama umeme huo utakuwa na harufu. Nilipoanza kusema mimi, akaweka kalamu chini na kuanza kusafisha kucha.

2. Hakuna aliyekuja kukagua chumba, na nimekiandaa kwa gharama ya mgongo wangu. Dirisha nimeliziba. Kuta nimeziongeza zege ndani mpaka chumba kimebaki na nafasi ya kitanda na mtu mwembamba. Mlango ni wa chuma, mnene, wenye mpira pembeni, nimeununua kwa muuza nyama aliyefunga chumba chake cha baridi. Kwa kuwa sina kile kipimo chenu cha mionzi, nilimfungia humo fundi cherehani nikamwambia apige kelele kwa nguvu zake zote, maana nilifikiri kisichopitisha mtu mwenye jino bovu hakitapitisha kitu kingine. Tulikaa nje tukatega masikio. Kimya. Tukasahau kabisa, tukaja kumkumbuka wakati wa chai. Alitoka akiwa hasemi na mimi, lakini jaribio lilifaulu. Kuhusu bwawa la kupoozea, lipo tangi la maji uani, zuri, lina mfuniko.

3. Nimenyimwa mpangaji wa ndoto zangu. Nimepangisha miaka mingi na ninajua binadamu. Fundi cherehani hushona alfajiri. Nesi wa chumba cha tatu hurudi kutoka zamu akitaka kimya wakati sote tunataka kelele. Lakini Bwana Mabaki, niruhusu nimwite hivyo kwa heshima, hapiki, hafui, haazimi chumvi, hana wageni, hapotezi ufunguo wala hahami usiku na balbu yangu. Joto analo lake mwenyewe, na mke wangu ataanika nguo ukutani hata mvua ikinyesha. Halafu ile habari ya nusu-uhai imenifurahisha sana. Kumbe ukali wake hupungua nusu, halafu nusu ya ile nusu, halafu nusu ya hiyo tena, bila kwisha haraka! Ni mpangaji anayehama kistaarabu: leo katoa kabati, baada ya karne kadhaa mto mmoja. Nilipomgusia mke wangu kwamba natafuta mpangaji mzito, wa moto, asiyehamishika, ambaye kila mtu lazima apange maisha yake kumzunguka, alisema huyo anaye tangu siku ya harusi. Yeye hudhani kila nisemalo ni utani.

4. Hamkuniuliza kuhusu alama ya onyo. Mhandisi alisema wataalamu duniani wanaumiza vichwa: utamwonyaje mtu wa miaka elfu kumi ijayo asifungue mlango, wakati lugha zote za leo zitakuwa zimesahaulika? Wanaumiza vichwa na fundi rangi yupo! Jibu ninalo. Mlangoni nitamchora mke wangu, mikono kiunoni, nyusi moja juu. Hapana haja ya maandishi. Mtu wa karne yoyote akiiona picha ile atageuka na kurudi alikotoka, tena atavua kofia.

5. Mmenificha mambo ya mbele. Nilisikia kwa juu juu, watu wakitoka ukumbini, kwamba kuna vinu vidogo vinavyoundwa kiwandani na kuletwa kwa lori vikiwa kamili. Kwa nini hilo lisemwe kwenye mlango wa kutokea? Nafasi kati ya bomba na kamba ya nguo inatosha. Kinu kikikaa pale, Bwana Mabaki hana haja ya safari: anatoka kazini, anavuka ua, anaingia chumbani. Mtaa wote utawaka taa, na Kipaza atakuja kuomba waya kwangu, kwa sauti ndogo. Nataka kuishi niisikie hiyo sauti ndogo. Ama ule umeme mwingine wa kuunganisha viini badala ya kuvipasua, kama lifanyavyo jua, huo sina haraka nao. Wataalamu wanasema bado kidogo tu. Walisema hivyo hivyo nilipokuwa napaka ule uzio, na wakati huo nilikuwa na nywele. Ni kama ndoa ya shemeji yangu: kila mwaka bado kidogo tu.

6. Hili ni ombi zaidi kuliko lalamiko. Ikiwa taratibu zenu ni ndefu na Bwana Mabaki hatawahi kabla ya mwisho wa mwezi, naomba kasha. Hata tupu. Liwe tu na ile alama yenu nyeusi na njano, na walinzi wawili wenye sura ngumu walishushe mchana kweupe, mke wangu akiwa nyumbani. Mimi sitalifungua. Yeye hatalifungua. Shemeji atalipigia wimbo mmoja wa maombolezo kutoka mbali, kisha atakwenda kutafuta chumba kwingine, na taifa litakuwa limeokoa mzee mmoja.

Naamini utalitazama hili kwa jicho la mtu ambaye naye ana mashemeji. Nisalimie mhandisi, mwambie makofi yake nayakumbuka. Nisalimie wanaolinda bwawa la kupoozea, wavae vitu vizito. Msalimie hata karani, na kucha zake.

Ni mimi, mwenye chumba na mwenye nia njema,

Fundi Rangi (aliyepaka ule uzio)

Nyongeza: Barua hii ilichelewa juu ya kabati nikitafuta bahasha inayolingana na cheo chako, na mwezi ukaisha. Shemeji amehamia. Godoro nililibeba mimi, maana mikono yake ilikuwa na tarumbeta. Aliingia, akafunga ule mlango wa chuma, akapuliza, na sisi uani hatukusikia hata kikohozi. Mke wangu alitazama zile kuta, akatazama mlango, akanitazama mimi, halafu akanikumbatia mbele ya wapangaji wote, jambo ambalo hajalifanya tangu nirudi kutoka ng'ambo. Kumbe anaamini zege lote lile nililimwaga kwa ajili ya mdogo wake, apate mahali pa kujifunzia asifukuzwe tena! Anasema alijua tangu siku ile ya mkutano kwamba nafanya vituko ili kuficha zawadi. Mheshimiwa, sikumsahihisha, na nakuomba jibu lako lisije kupitia mikononi mwake.

Tatizo ni kwamba kimya kilizidi. Siku ya kwanza tulifurahi. Ya pili nesi akashindwa kulala. Ya tatu fundi cherehani akaniuliza, "Baba, mwenzetu hajafa kweli humo?" Nilikwenda kubandika sikio kwenye zege, sikusikia kitu, nikajikuta nimesimama pale kama mjinga nikimngoja. Alipotoka, jasho linamtiririka, akasema, "Shem, chumba ni kizuri, ila ni kama kupigia ndani ya sufuria lenye mfuniko." Nikachukua nyundo na tindo, nikafungua dirisha. Kubwa, linatazama ua.

Kwa hiyo msilete mabaki, chumba hakifai tena, kinavuja muziki. Kinu jengeni, na siku ya kukiwasha mpiga tarumbeta mnaye, bure. Jana Kipaza amekuja na barua yake ya malalamiko, kurasa mbili, anasema dukani kwake hawasikilizani. Nimeipokea kwa mikono miwili. Nimemwambia tutaliangalia.