Dakika Moja ya Ukimya Mbele ya Nyumba Tupu

Leo nimejiaibisha mchana kweupe, mbele ya wageni sita na ua mzima wa watu. Sasa niko Bwera, nimekaa juu ya jiwe, viatu vimejaa udongo. Nawasimulia mwenyewe, kwa utaratibu, kabla hamjasimuliwa na wengine.

Wengi mnaijua kazi yangu ya Jumamosi. Nawatembeza wageni kwa miguu katika kambi ya zamani ya wachimbaji wa shaba, kule juu Bulembia. Mistari ya nyumba zinazofanana, nyingine bado zina watu. Kanisa dogo. Ofisi iliyoota majani juu ya bati. Sehemu nyingine ilichukuliwa na mto, yamebaki mawe makubwa mahali palipokuwa na vitanda vya watu. Ni mahali pa kimya, na wageni hupenda kimya. (Mimi nakiuza.)

Kituo changu kikubwa ni nyumba ya mwisho ya mstari wa tatu. Mlango umefungwa, pazia limechakaa. Hapo nashusha sauti na kusema: "Hapa hakuna anayeishi. Mchimbaji wa mwisho aliondoka zamani." Kisha naomba dakika moja ya ukimya. Nimefanya hivyo miaka miwili. Kuna wageni waliotokwa na machozi. Mara mojamoja niliona pazia likitikisika, nikasema ni upepo. (Mimi huyu, niliyewahi kupeleka habari redioni, ninayejisifu kwamba hakuna kinachonipita.)

Leo niliagiza chakula cha mchana kwa Mama Mbambu, mpishi wetu. Nilimwambia akiandae kivulini, karibu na ile nyumba tupu. Saa sita tukafika. Nikaona turubai, viti vya plastiki, masufuria makubwa, watu wamejaa. Nikafurahi sana. Nikawaambia wageni kwamba Mama Mbambu ameita kambi nzima ije kuwapokea.

Dalili zilikuwepo. Gogo lilikuwa linawaka katikati ya ua, na hakuna sufuria juu yake. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye majani ya migomba. Mgeni mmoja, bibi mrefu Mdachi, aliniuliza mbona hakuna anayecheka. Nikamjibu kwamba watu wa milimani ni wapole. Kilichonipoteza ni jambo moja tu: hakuna aliyekuwa analia.

Tukanawishwa mikono. Tukapewa bundu (ugali wetu wa muhogo), sombe (kisamvu) na samaki. Tukala. Mimi niliongeza.

Kisha mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu kwa sauti yake, akashika kipaza sauti.

"Nyinyi wageni! Simama. Sema munatoka wapi."

Nikasimama. Nikasema tumetoka mbali na tuna furaha kubwa, siku kama hii haisahauliki, na tungependa iwe hivi kila Jumamosi. (Kila Jumamosi. Nilisema hivyo.) Nikawaomba wageni wangu wapige makofi. Wakapiga, wote sita, kwa nguvu. Wao peke yao.

Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Mbambu.

"Chakula inapoa huku mustari wa nne. Muko wapi?"

Nikageuka polepole. Mlango wa nyumba tupu ulikuwa wazi. Ndani, juu ya mabenchi mawili, kulikuwa na jeneza.

Wageni walielewa kutoka kwenye uso wangu. Mimi nilikuwa bado na sahani mkononi. Akaja mwanamke mzee, miguu mitupu, kitenge amekifunga kiunoni. Huyo ndiye Mama Baluku, mjane. Nikapiga magoti, nikaanza kuomba msamaha. Hakuungoja uishe.

"Wewe ndiye ule wa kusema hapa hakuna mutu."

Nikaiweka sahani chini.

"Bwana yangu alikuwa anakusikia ku dirisha. Kifua ilimukatalia kutoka inje. Jumamosi ikifika, ananiuliza: 'Mama Baluku, leo naondoka saa ngapi?'"

Watu wa karibu wakainamisha vichwa. Sikujua kama ni huzuni au wananificha kicheko.

"Siku ya kikohozi, wakati wa ile kimya yako, alikuwa anajiziba na shuka. Anasema asikuharibie kazi, wageni wametoka mbali."

Ningefukuzwa, ningeelewa. Lakini alikuwa na shida yake. Alinieleza kwamba watu waliofanya kazi na mumewe mgodini wamekwisha wote, na watoto walizaliwa mgodi umeshafungwa. Hakukuwa na mtu wa kusimama kaburini aseme mumewe alikuwa nani kule chini ya mlima.

"Wewe unajua kusema mambo ya watu wenye walienda," akaniambia. "Basi sema ya huyu. Leo ameenda kweli."

Marehemu alikuwa wa kuzikwa Bwera, kwao. Magari hayakutosha, kwa hiyo gari letu la wageni likabeba waombolezaji. Niliwaambia wageni wangu wako huru kurudi hotelini. Bibi Mdachi akasema amekula chakula cha watu, basi atakwenda kuzika.

Njiani nilikaa karibu na Mama Baluku na daftari langu. Nikamuuliza maswali ambayo kwa miaka miwili yalikuwa hatua kumi kutoka nilipokuwa nasimama. Mumewe aliitwa Mzee Thembo. Alikuwa mtu wa taa. Asubuhi alimpa kila mchimbaji taa, jioni akaipokea na kuitundika kwenye ndoano yake. Ndoano moja ikibaki tupu, haendi nyumbani mpaka mwenyewe apatikane. Usiku mmoja alilala pale mlangoni, kumbe mtu amepitiwa na usingizi kule ndani. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayesahauliwa.

Niliandika hilo, nikafunga daftari, nikatazama nje mpaka tulipofika.

Kaburini nilisema yote hayo, na jina lake, na namba ya nyumba yake. Nilipoishiwa maneno, nikaomba dakika moja ya ukimya. (Ndicho kitu pekee ninachokiweza.)

Kimya kikashuka. Katikati yake, bibi Mdachi akakohoa.

Mama Baluku akacheka. Alicheka kwa sauti, peke yake, ameshika kifua, na hakuna aliyethubutu kumtazama. Kisha kicheko kikabadilika. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na waombolezaji wote wakalia naye.

Kwa hiyo naomba msinicheke. Mwenye haki hiyo tumemzika saa kumi.